Vichwa Saba, Majina Sita

Imetundikwa chumba cha ndani, si sebuleni,
juu ya samadari ambayo hakuna anayeilalia,
mahali jua la Kibokoni huingia saa nne tu,
tena kwa dakika chache, kama mdai mwenye haya.

Kioo kina ufa. Mchwa wamekula pembe moja ya fremu
wakaacha. Labda gundi iliwachachia.
Ndani, kadi iliyokuwa nyeupe, sasa rangi ya chai ya maziwa,
na juu yake karatasi nyeusi iliyokatwa kwa mkasi:
vichwa saba vinavyotazama kando,
kama vimesikia hodi na hakuna anayetaka kuitikia.

Picha ya kamera mzee aliikataa.
"Sura za watu wangu zikazurure mikononi mwa makarani?"
Lakini kivuli, alisema, kivuli si sura.
Basi akaitwa Kayetano, Mgoa mshona suti,
na mkasi wake wa kukatia kola.
Kandili ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa,
shuka ikatandazwa, wakaketi nyuma yake mmoja mmoja,
na Mgoa, upande wa pili, akawakata
wanawake ambao hakuwahi kuwaona.

Nyuma ya kadi, kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu:
Ali bin Khatwabu, na kilemba chake.
Bi Mwanatumu, ambaye kidevu chake
kinaamrisha mpaka leo.
Shekue. Mbwana. Mwanakombo.
Tima, aliyekuwa ananyonya kidole, na kidole kimo.
Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja.

Nimehesabu majina: sita.
Nimehesabu vichwa. Nimehesabu tena.

Wa mwisho, pembeni, hana ukaya wala kofia.
"Mkasi uliteleza," nyanya alikuwa akisema,
akigeukia dirishani.
Mkasi hautelezi ukatoa pua.
Hautelezi ukaacha kope,
na vinywele vitatu vya utosini vilivyokataa mafuta.

Ilikuwa miaka minne tangu itangazwe
kwamba mtu si mali ya mtu.
Nyumbani kwetu habari hiyo ilifika mlangoni,
ikavua viatu, ikangoja kukaribishwa.

Mwaka jana alikuja kijana wa makumbusho,
glavu nyeupe, rula, taa ndogo ya kichwani.
"Hii ni adimu," akasema, "hii ni historia."
Akauliza yule wa saba ni nani.
Shangazi Mwanasiti akamsogezea kikombe:
"Kunywa kahawa, mwanangu, itapoa."

Lakini Kayetano alikuwa na karatasi ya rangi moja.
Weusi wa Bi Mwanatumu na weusi wa huyu
ni wa karatasi ile ile, mkunjo mmoja unawapitia wote.
Hakuulizwa amkate nani.
Aliyeketi nyuma ya shuka, alimkata.

Juzi stima ilipopotea
nilimpa Salme simu, amulike.
Nikaweka shavu karibu na ukuta.
"Mama, usicheke, unatikisika,"
akanichora kwa chaki, paji, pua, mdomo,
kisha tukaishusha ile fremu
tukaiweka kando yangu.

Si kidevu cha Bi Mwanatumu.
Ni kile kibonde chini ya paji,
na mdomo wa juu uliotangulia wa chini,
mdomo ambao nyanya aliufunika kwa pindo la leso
kila alipocheka,
nami nikidhani ni adabu.

Asubuhi Shangazi aliingia.
Akautazama ukuta, akanitazama,
akaagiza kitambaa chenye maji.
Nikajua chaki yangu imekwisha.

Akakikamua. Akapanda kiti, magoti yakilia,
akafuta kioo, taratibu,
akianzia pembeni.